Boksi la negativu la ami: picha za wanamuziki wetu ni mali ya nani?

Simu ilinikuta dukani, Isiolo, nikimpiga picha ya pasipoti kijana aliyetoka Kinna. Aliyepiga hakujitambulisha vizuri. Alisema amesikia kwa watu wa Mombasa kwamba ninalo boksi la negativu za bendi za zamani, na kwamba yuko tayari kulinunua lote, bila hata kulifungua, kwa shilingi 60,000. "Nalipa leo leo kwa M-Pesa, mzigo nitatuma mtu wa basi aje achukue."

Ndugu msomaji, sitakuficha. Nilimwambia anipe mpaka jioni. Kodi ya duka ilikuwa imechelewa, na boksi lenyewe lilikuwa chini ya meza miaka mingi bila kuguswa. Elfu sitini kwa kitu usichokitumia ni pesa.

Naandika haya kwa sababu najua maboksi ya aina ile yako mengi kwetu. Yako Majengo na Mji wa Kale, Kisauni, Malindi, Lamu, mpaka Tanga na Unguja. Chini ya vitanda, juu ya makabati, ndani ya mikebe ya biskuti. Waliopiga picha zile wengi wamekufa au wamezeeka. Wanunuzi nao wameanza kupita mlango kwa mlango. Basi ni vizuri mtu ajue anachouziwa au anachokiuza kabla ya kutaja bei.

Ami yangu alikuwa mpiga picha Mombasa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960. Mchana alipiga picha za vitambulisho na za familia, na usiku alifuata ngoma: harusi za taarabu, dansi za mabendi, na zile bendi za mahoteli ya ufuoni zilizowapigia watalii nyimbo za Kizungu kwa magitaa ya umeme. Miaka ile kijana wa Pwani mwenye nywele ndefu na suruali pana chini aliweza kupiga roki mbele ya Wajerumani mpaka saa saba za usiku, na kesho yake akapiga chakacha kwenye harusi ya jirani. Ami aliwapiga picha wote hao. Rola 83 za filamu, kila moja imefungwa kwa karatasi na kuandikwa nambari kwa kalamu nyekundu.

Kwa vijana waliozaliwa simu ikiwa mkononi, nieleze kidogo. Negativu ni ile filamu yenyewe iliyokuwa ndani ya kamera, ikaoshwa kwa dawa. Ukiiangalia kwenye mwanga, mambo yako kinyume: kanzu nyeupe inaonekana nyeusi, usiku unaonekana mweupe. Picha tunayoiweka kwenye albamu husafishwa kutokana na hiyo negativu, ndani ya chumba cha giza, na unaweza kusafisha moja au mia. Kwa hiyo mwenye picha ameshika dafu moja, na mwenye negativu anao mnazi. Yule bwana wa kwenye simu hakuulizia hata picha moja iliyosafishwa. Alitaka negativu peke yake.

Kwa nini boksi la Mombasa likawa Isiolo? Si kwa bahati. Ami alikuja kunitembelea nilipofungua studio huku, akakaa wiki mbili, akaniambia kitu ambacho sikukitilia maanani: "Hewa ya hapa ni kavu. Filamu zangu zingekaa hapa zisingeoza." Safari iliyofuata alikuja nalo boksi.

Alikuwa na haki. Filamu ina utando mwembamba wa jelatini, na jelatini hutengenezwa kwa mifupa na ngozi za wanyama. Kwa kuvu, hicho ni chakula. Unyevu wa hewa ukizidi kiasi cha asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huota juu ya filamu kama utando wa buibui, ikala sura za watu na isiondoke tena. Mombasa unyevu huo ni wa kila siku, na chumvi ya bahari imeongezwa juu. Isiolo tuko kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, mlangoni mwa nchi kavu ya kaskazini, na mvua ni za kubahatisha. Nimeona picha za mwaka mmoja, harusi moja, nusu zikikaa Mombasa kwa jamaa na nusu hapa. Zile za Mombasa zina madoa mithili ya ramani, na za hapa unahesabu vifungo vya shati la mpiga ngoma.

Lakini Isiolo nayo ina adui zake. Vumbi letu ni jembamba na linakwaruza. Joto chini ya bati huharakisha ugonjwa mwingine wa filamu, ambao utaujua kwa pua: ukifungua mkebe ukasikia harufu ya siki, filamu imeanza kujila yenyewe, na itaambukiza zilizo karibu nayo. Zitoe zile zinazonuka, ziweke mbali, na uzinakili kwanza kabla ya nyingine. Usizihifadhi kwenye mifuko laini ya plastiki. Nyingi hugandana na filamu. Karatasi safi isiyo na asidi ndiyo bora, kwenye rafu ya chini, chumba chenye kivuli. Na picha za rangi za miaka ya 1970 usizingoje kabisa. Nyeusi na nyeupe iliyooshwa vizuri hudumu miaka na miaka, lakini rangi za zamani hugeuka nyekundu nyekundu hata ukizifungia gizani.

Sasa tuje kwenye swali la pesa. Kwa nini mgeni alipe chochote kwa sura ya mpiga gitaa wa hoteli ambaye hata jina lake halijui?

Mfano mkubwa uko karibu na nyumbani kuliko tunavyodhani. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, na huko akawa Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Mwaka 1974 mpiga picha wa Kiingereza aitwaye Mick Rock aliwapiga picha wale wanne kwa ajili ya jalada la sahani yao ya Queen II: nyuso nne kwenye giza, taa ikitoka juu, Freddie katikati amekunja mikono kifuani. Wazo alilitoa kwenye picha ya kale ya mwigizaji Marlene Dietrich. Mwaka uliofuata bendi ikairudia sura ile ile katika filamu ya wimbo wa Bohemian Rhapsody, na tangu hapo dunia nzima inaijua. Mick Rock aliendelea kuuza nakala za picha zake za wanamuziki, zimetiwa sahihi, mpaka uzeeni. Alifariki Novemba 2021. Na kiu ya watu juu ya Freddie haijaisha: Septemba 2023 vitu vyake viliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's mjini London, vikaleta karibu pauni milioni 40. Piano yake peke yake ilipita pauni milioni 1.7.

Usinielewe vibaya. Picha ya ami si picha ya Freddie, wala haitakuwa. Lakini namna bei inavyojengwa ni ile ile, na ndiyo nataka uione.

Kwanza, wauzaji hutofautisha picha iliyosafishwa zama zile zile ilipopigwa, kwa mkono wa mpiga picha mwenyewe, na ile iliyochapwa miaka mingi baadaye. Ya kwanza ni adimu, na bei yake huwa juu hata kama imekunjika pembe. Kwa hiyo ukikuta nyuma ya picha pana muhuri wa studio, tarehe, au mwandiko wa penseli, usifute. Mimi nilikuwa nafuta! Nilidhani nasafisha.

Pili, nakala mpya huchapwa kwa idadi. Mwenye negativu hutangaza kwamba picha fulani itachapwa nakala 25 tu za ukubwa fulani, kila moja ikaandikwa nambari yake, 1/25, 2/25, na kutiwa sahihi. Zikiisha, zimeisha. Thamani hapo inatokana na ahadi, na ahadi ikivunjwa mara moja, mtu akachapa ya 26 kimya kimya, wanunuzi wote wa mbele wameibiwa. Wapo wanaofanya hivyo. Biashara hii imejengwa juu ya kuaminiana kuliko hata biashara ya dhahabu, maana dhahabu unaweza kuipima.

Tatu, na hili ndilo lililonifumbua macho, ni historia ya picha: nani kaipiga, wapi, lini, nani yuko ndani yake, na imepitia mikono ya nani. Picha isiyo na maelezo ni karatasi tu. Jim Marshall, Mmarekani aliyempiga picha Jimi Hendrix kule Monterey mwaka 1967 na Johnny Cash kwenye jela ya San Quentin mwaka 1969, alikuwa mkali sana juu ya mambo mawili: aruhusiwe kufika kila mahali mwanamuziki alipo, na picha zibaki zake. Aliyapata yote mawili, na ndiyo sababu baada ya kufa kwake mwaka 2010 kazi yake imebaki na mwenyewe anayejulikana.

Barani kwetu mfano ulio wazi zaidi ni wa Bamako, Mali, na una sehemu tamu na sehemu chungu. Malick Sidibé alikuwa akienda na kamera yake kwenye dansi za vijana miaka ya 1960, usiku mmoja dansi tatu au nne, kisha akabandika picha dukani ili kila mtu aje achague yake. Zilikuwa picha za senti chache. Mwaka 2007 alitunukiwa Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya Venice, Mwafrika wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Lakini mzee mwenzake wa mji ule ule, Seydou Keïta, picha zake zilionyeshwa New York mwaka 1991 bila jina lake. Ziliandikwa tu kwamba mpigaji hajulikani, na yeye yuko hai Bamako anakunywa chai. Baadaye alitafutwa, akapatikana, akawa maarufu, negativu zikaenda Paris, zikachapwa kubwa kubwa na kuuzwa kwa maelfu ya dola. Alipofariki mwaka 2001 ukazuka ugomvi wa nani mwenye negativu zile, mpaka mahakama za Ufaransa. Nilipoisoma habari ile nilisimama nikaliangalia boksi chini ya meza.

Kwetu pia tuna waliofanya vizuri. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, akapiga picha za masultani na za watu wa kawaida, na mwanawe Rohit akaipokea kazi. Negativu zilibaki kwenye familia, na wageni walionunua nakala walizinunua kwa wenyewe. Lamu alikuwako Omar Said Bakor na studio yake, aliyekata picha kwa mkasi akamweka mtu ndani ya ua au ndani ya redio, kabla kompyuta haijafikiriwa huku. Hata hapa Isiolo, watu husahau, pametoka picha zilizozunguka dunia. George Adamson alikuwa afisa wa wanyamapori mwenye makao yake Isiolo, na mkewe Joy alimpiga picha simba Elsa miaka ya 1950; kitabu chake cha 1960 kiliuzwa kila bara. Waisiolo wenyewe waliokuwa wakiishi mji ule miaka ile, picha zao ziko wapi? Swali hilo liacheni kwanza.

Jioni ile, kabla ya kumjibu mnunuzi, nilifanya jambo moja la busara: nilimpigia simu mke wa marehemu ami, Mombasa. Nikamweleza bei. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ami yako alikuachia ulinde. Hakukuachia uuze."

Nilijiona mdogo. Maana ni kweli, boksi lile kwangu ni amana. Hakimiliki ya mtu hurithiwa kama shamba au nyumba, na ami ameacha mjane na watoto wanne. Mimi si mrithi hata kwa sehemu moja. Ningepokea elfu sitini kwa mali ya mirathi ambayo haijagawanywa. Ikiwa nyumbani kwenu kuna boksi, anzeni hapo: nani warithi, na wamekubaliana nini kwa maandishi. Mahakama za Kadhi ziko Mombasa, na hata Isiolo iko.

Upande wa sheria una mtego ambao wapiga picha wengi hawaujui. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, Nambari 12 ya 2001, inasema mwenye haki wa kwanza ni aliyeitunga kazi. Lakini kifungu cha 31 kinaongeza kwamba kazi ikiagizwa na mtu, haki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Maana yake, bendi ikimwita mpiga picha, ikamlipa ili aipige picha ya tangazo, bendi ina hoja. Mpiga picha akienda dansini kwa hiari yake, kwa filamu yake, haki ni yake. Ndiyo maana siku hizi sipigi harusi bila karatasi ya mapatano, hata ya mistari mitano. Na kuhamisha haki kwa moja kwa moja kunahitaji maandishi yenye sahihi. "Nimekuuzia" ya kwenye simu haitoshi. Muda wa ulinzi wa picha ni miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa watu au ilipochapishwa, ule ulio wa mwisho. Picha za kabla ya sheria hii zina hesabu zake, na hizo peleka kwa KECOBO uulize mapema, kabla ya mnunuzi hajakuuliza wewe.

Hapo ndipo daftari la ami lilipogeuka kuwa kitu. Lilikuwa chini kabisa ya boksi, limeliwa na mende pembeni. Kwa kila rola ameandika ukumbi, tarehe, majina ya wapigaji, na mwisho wa mstari neno moja: "wamelipa" au "yangu". Zaidi ya nusu ni "yangu". Mnunuzi nilipompigia kumwambia siuzi, nikamtajia daftari kwa makusudi, nilisikia sauti yake ikibadilika. Akapanda mpaka 150,000, "pamoja na daftari." Alikuwa anajua anachokitafuta kuliko mimi niliyekaa nacho.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye sheria ya hakimiliki, na kwa watu wa Pwani ni zito kuliko yote. Usiku wa taarabu si wanamuziki peke yao walio kwenye picha. Kuna wanawake waliokwenda kutunza, wamevaa kwa ajili ya sherehe ya wenyewe kwa wenyewe, shela limewekwa kando, nywele zimefumwa. Walimruhusu ami kwa sababu alikuwa kijana wa mtaa na picha zilikuwa za albamu zao. Hawakumruhusu mnunuzi wa 2020 na kitu kuzitundika ukutani mwa hoteli. Wengine leo ni bibi za watu, wengine wametangulia mbele ya haki. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu sura ya mtu kuwa habari yake binafsi, na haichezi: Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi. Lakini hata sheria isingekuwepo, haya yangekuwepo. Picha zote zenye wanawake wa namna hiyo tumezitenga. Haziuzwi, haziingii mtandaoni. Zinarudishwa kwa familia, nakala moja moja, mkononi. Nimeulizwa na kijana mmoja kwa nini "napoteza soko." Nilimwuliza kama yupo tayari nianze na bibi yake.

Basi tumefanyaje? Tumeanza na picha moja tu, ya bendi ya hoteli, mpiga gitaa kasimama juu ya kiti kafumba macho. Rola yake imeandikwa "yangu". Nilinakili negativu kwa kamera juu ya kisanduku cha taa, nikaondoa vumbi siku tatu, picha ikachapwa Nairobi kwenye karatasi ya pamba. Nakala 25, basi. Mjane wa ami ndiye anayetia sahihi nyuma, pamoja na mihuri miwili ya studio yake ya zamani iliyopatikana kabatini. Hesabu ni hii: kuchapa shilingi 2,500, kifurushi na usafiri 700, cheti na vitu vidogo 300, jumla 3,500. Tunauza 8,500. Katika 5,000 zinazobaki, familia ya yule mpiga gitaa inapata 2,000, warithi wa ami 2,000, mimi 1,000 ya kazi. Sheria hainilazimishi kuilipa familia ya mpiga gitaa. Lakini ni uso wake unaouzwa, na bintiye anakaa Kisauni kwenye chumba cha kupanga.

Sitakudanganya kwamba tumetajirika. Miezi minane, tumeuza nakala tisa. Ni shilingi 45,000 kwa watu watatu, na hazijafika hata zile 60,000 za siku ile. Wanunuzi watano ni watu wetu walioko ng'ambo, wawili ni wenye hoteli Lamu na Diani, mmoja mwalimu wa Meru, na mmoja aliyesema baba yake alikuwa mlinzi kwenye ukumbi ule. Lakini negativu ingali hapa, na hiyo ni picha moja kati ya mamia.

Kwa wapiga picha wa leo, nina machache, maana nyinyi ndio maboksi ya kesho. Hapa Isiolo kuna harusi za Waborana, Wasomali, Wameru na Waturkana, na kila wiki kuna mpiga kinanda au mwimbaji jukwaani. Picha nyingi ninazoonyeshwa zina kosa moja: maikrofoni imemziba mwimbaji mdomo. Ngoja amalize mstari. Akivuta pumzi hurudi nyuma kidogo, na hapo ndipo sura yake iko. Usimmulike kwa flashi. Taa za rangi za ukumbi zinatosha ukipandisha wepesi wa kamera, na punje punje kwenye picha ya muziki hazina ubaya. Spidi isipungue 1/200 kwa mpiga ngoma. Mpige na yule asiyeangaliwa, mpiga besi, anayefunga nyaya, anayeuza chai mlangoni. Kisha ukifika nyumbani, kabla hujalala, andika majina. Simu huibwa, huanguka chooni, kadi hufa. Weka nakala mahali pawili, na moja iwe nje ya nyumba yako. Nimeshapoteza harusi nzima ya mwaka 2016 kwa diski moja, na bwana harusi bado ananisalimia kwa ubaridi.

Mkisikia mradi wa LAPSSET mnafikiria mafuta na malori, Lamu mpaka Isiolo. Mimi nafikiria boksi lililokuja kwa basi juu ya magoti ya mzee, kupitia Nairobi, kwa sababu hewa ya huku ni kavu.

Katika rola 83 tumeshanakili 31. Zimebaki 52, na kwenye zile 31 kuna sura nyingi ambazo daftari limezitaja kwa majina ya utani tu: "Chui", "Mdogo wa Saidi", "Yule wa Tononoka". Mwezi ujao nateremka Mombasa na albamu mbili za nakala ndogo. Nitakaa barazani kwa ami, Majengo, baada ya alasiri, siku tatu. Wazee waliokuwa wakicheza dansi miaka ile waletwe, hata kwa tuktuk. Anayemjua "Yule wa Tononoka" aje na miwani.